Kiziwi Aligeuka

Birika lilianza kunung'unika jikoni hata jogoo hajawika, na mimi nimekaa kitandani nikijiuliza swali moja tu.

Kiziwi amegeukaje?

Mkwe wangu alikuwa ameamka kunichemshia chai. Hakuna aliyemwomba. Aliniona tu jana nimerudi kazini nimenyong'onyea, akajua mama mkwe hatalala.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Kuna tabasamu la mtu limenikalia kichwani."

Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Ngoja niwasimulie, nanyi mniangalie vivyo hivyo.

Mimi ni bibi mkata tiketi kwenye lango la kambi ya umma, ile ambayo watu huja na mahema yao wakalala chini ya miti. Kibanda changu ni cha mbao, kuta mbao, sakafu mbao. Ukipiga chafya kinatikisika chote.

Kambi yetu ina utaratibu: mwenye ulemavu analipa nusu. Cheti hatudai. Jicho langu ndilo cheti.

Sasa, juma hilo meneja alikuwa amevimba. Vijana wawili waliingia kwa nusu bei wakichechemea, jioni akawakuta wanafukuzana na mpira.

"Bibi, akipatikana tapeli mmoja tu tena, punguzo nalifuta. Wote walipe sawa!"

Kigingi akadakia. Huyo ndiye mfunga mahema wetu, mdomo wake hauna breki.

"Lifutwe tu! Ardhi si moja? Au kiziwi analalia nusu ya mgongo?"

Tukacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Jana mchana akaingia kibandani baba mmoja mrefu, mikono ya fundi viatu, gundi imegandia kwenye kucha. Mkewe na binti yao walibaki kwenye gari wakishusha mizigo.

Akagusa sikio, akatikisa kichwa. Akaonyesha kibao chetu cha punguzo juu ya lango. Kisha akainua vidole viwili: siku mbili.

Nikamtazama juu chini. Macho mazima, miguu mizima, shati limepigwa pasi. Nikajisemea, bibi, hapa unachezewa.

Alipogeuka kuitazama ramani ya kambi ukutani, nikaichukua nyundo ya Kigingi nikaiachia sakafuni, nyuma yake.

Puu!

Akageuka palepale. Tena akanitabasamia, tabasamu pana la mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

"Umemnasa!" Kigingi akapiga makofi pale mlangoni. "Bibi wewe kiboko!"

Nikamwonyesha bei kamili kwa kidole, sura kavu. Akapekua mfuko. Akatazama kule kwenye gari, ambako binti yake alikuwa anarukaruka na mto mkononi. Kisha akakunja kidole kimoja.

Siku moja.

Hakubishana. Na mimi, kwa kiherehere changu, nikaenda kumwapia meneja kwamba nimemnasa tapeli. Akasema kesho asubuhi kibao cha punguzo kinashuka.

Ndiyo maana sikulala. Tapeli akinaswa hutahayari, au hutukana, au hukimbia. Hamtabasamii aliyemnasa.

Nikapiga mafunda mawili ya chai, nikatoka.

Kambini niliwakuta wanakusanya vitu vyao. Baba amekaa kwenye benchi la mbao, amenipa mgongo, anakunja kamba za hema.

"Hodi!" nikaita.

Kimya.

"Hodi hapa!" Mara hii kwa sauti ya kuamsha wafu. Hakutikisika hata unywele.

Binti yake, mapengo matupu mbele, akalipiga benchi kwa kiganja.

Baba akageuka. Tabasamu lile lile.

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye ndala.

"Mjukuu wangu, amesikiaje?"

"Hajasikia, bibi. Mbao zinamwambia. Nyumbani tunamwita kwa kupiga sakafu."

Mama yake akaja akijifuta mikono. "Kumbe ndiye wewe! Jana alirudi anacheka. Akaniambia langoni kuna bibi anajua kumwita kiziwi kwa adabu, hakumvuta shati kama wengine. Bei ilipokuwa kamili tukadhani punguzo limeondolewa."

Jamani. Ningetukanwa ningepona.

"Mwanangu," nikasema, "mimi sikumwita. Nilimtega."

Akaacha kujifuta mikono. Kisha akainua mikono, akamweleza mumewe kwa ishara, pole pole, mimi nikiwa nimesimama palepale. Nikaliona tabasamu linazimika, na aliyelizima ni mimi.

Baba akajibu. Mikono yake ilikuwa mizito. Mkewe akatafsiri:

"Anasema hataki umhurumie. Hadithi mnazosimulia jioni kwenye moto hazimfikii. Filimbi ya kuonya dhoruba haimfikii, mimi mkewe ndiye ninayekesha nikiitegea sikio. Anasema kambi inampa nusu, ndiyo maana analipa nusu."

Nikakumbuka kibao. Nilikimbia langoni, na magoti yangu haya.

Meneja yuko juu ya ngazi, bisibisi mkononi, kibao kinaning'inia kwa skrubu moja. Kigingi amemshikia ngazi.

"Shuka, baba! Yule ni kiziwi kweli. Nimekosea mimi."

"Bibi, jana si uliniapia?"

"Niliapa kwa ujinga."

Kigingi akaanza, "Lakini bibi, ardhi si ile ile—"

"Ardhi ni ile ile, mwanangu. Na filimbi yako ya dhoruba, ile unayoipiga usiku, yeye anaisikia? Mkewe alale saa ngapi?"

Kigingi akatazama chini.

Meneja akanikazia macho. "Sasa langoni nikuamini vipi tena?"

"Usiniamini. Niondoe. Ila kibao kirudishe."

Akakiinua kibao, akakinyoosha. Kisha akageuza bisibisi, akaanza kukaza.

Lango nikanyang'anywa, nikapewa fagio. Sawa kabisa. Meneja alinipa ile pesa iliyozidi bila maneno mengi, akasema siku ya pili wakae bure. Na Kigingi, bila kuagizwa na mtu, alikuwa ameshafika kule na nyundo yake, anawasimikia hema upya. Hakuchekesha wala nini.

Nilipeleka pesa mwenyewe. Baba akapokea kwa mikono miwili, akaniitikia kwa kichwa. Hakutabasamu. Haki yake. Pesa nimeweza kuirudisha, lile tabasamu sina pa kulitoa.

Wanangu mnaonisoma, ukimtega mtu ili umjue, utakayemjua ni wewe mwenyewe. Mimi nimejijua, na sikupenda nilichokiona.

Nikaanza kuondoka. Yule binti akanikimbilia, akanishika gauni.

"Bibi, jioni uje tena kwetu."

"Baba amesema nije?"

Akatikisa kichwa.

"Baba hajasema. Nimesema mimi."