Nyumba yetu kwenye ordinatere ya papa nisiyemujua

Leo nimeona nyumba yetu iliyochomwa wakati wa vita. Iko kwenye ordinatere, yaani kompyuta, ya muntu nisiyemujua!

Kwenye masomo ya kuchora kwa ordinatere, tunajifunza isometriki, yaani kuonyesha pande tatu za nyumba kwa mara moja. Mwalimu alisema kila muntu achore nyumba anayoikumbuka vizuri.

Papa mumoja wa makamo, mwanafunzi mupya, akachora nyumba yetu ya kule Mikelenge.

Akaweka hata kile chumba kidogo nyuma ya jikoni. Wageni hawakukijua.

Waliotupora kabla ya kuichoma walijua kila pembe ya nyumba ile.

Nikamuuliza: "Papa, humu uliingia lini?"

Akaacha kuchora. "Wewe mutoto wa nani?"

Nikarudilia swali langu tu. (Ninyi mungejibu?)

Akasema polepole: "Wakati wa vita mama mumoja alinificha mule. Askari walikuwa wananitafuta."

Sikumuamini. Mama hajatuambia kitu kama hicho hata siku moja.

Nikatoka inje, nikamupigia mama. Nikamwambia tu kwamba kuna papa amechora chumba cha nyuma.

Nikamusikia analia: "Ni yule kijana niliyemuficha? Kumbe iko muzima?"

Sasa hivi mama iko njiani, juu ya pikipiki.

Bandugu, nimurudilie yule papa na maneno gani?