Waisiko alisema amejitoa, kanisa zima likasema amina

Ni mchana, na kibanda cha Waisiko Nchagwa pale Kewanja kimejaa wachimbaji wadogo wa dhahabu, vumbi hadi kwenye kope. Waisiko anapunguza gesi, anasonga ugali, huku akijibu utani wa huyu na yule.

"Mama Gati, leo ugali umesinyaa au ni macho yangu?" anauliza Salvatori, kijana aliyetoka Kigoma kufuata dhahabu.

"Macho yako, mura, kijana wangu! Kula kwanza, kulalamika baadaye."

Anacheka, kisha anakohoa mpaka anashika meza. Kikohozi hicho kina habari yake, na ni habari ya kutia hasira.

Tangu alipokuja kijijini hapa akiwa bibi harusi, Waisiko ndiye aliyekuwa mpishi wa kanisa lake. Iwe semina, msiba, harusi au ugeni wa kutoka mjini, anaitwa Mama Gati. Jiko lenyewe ni banda la bati lisilo na dirisha, mafiga matatu na kuni mbichi. Hakulipwa, wala hakudai. Malipo yake yalikuwa neno moja lililosemwa kila Jumapili mbele ya watu: Mama Gati anajitoa.

"Ukisifiwa hivyo unavimba kichwa," anasema. "Unasahau hata kwamba mgongo unauma."

Mwaka juzi alianguka hapahapa kibandani, pumzi imekata. Waliombeba hadi hospitali ni Salvatori na wenzake, watu ambao kanisani wanaitwa wakuja na walevi. Daktari alimwambia mapafu yamechoshwa na moshi, aachane na kuni. Wachimbaji wakachangishana, wakamnunulia jiko la gesi.

"Mimi kanisani sionekani, sitadanganya," anasema Salvatori. "Lakini mama yangu alikufa na kifua hivihivi. Ningekaa nimwangalie na huyu?"

Waisiko alipeleka maneno ya daktari kwa Mzee Nashoni, msimamizi wa huduma kanisani. Mzee akamjibu kwamba mtu hawezi kuugua akiwa kwenye kazi ya Mungu, huyo ni shetani anamjaribu. Eti shetani! Moshi wanauona wote, wanaukwepa wote, halafu anasingiziwa shetani. Na mchango wa jiko la gesi la kanisa ulikuwa umeshakusanywa. Kwa pesa hizo zikanunuliwa spika, ili neno lifike mbali.

Basi likafika. Siku ya semina ya upendo, Waisiko akiwa bado bandani anafuta machozi ya moshi, zile spika zilimletea sauti ya mhubiri mgeni akifundisha upendo wa aina tatu: kumpenda Mungu, kujipenda, na kumpenda jirani. Huo wa katikati, Waisiko anaapa, hakuwahi kuhubiriwa.

"Akasema jirani tumpende kama tunavyojipenda sisi. Nikajiuliza, mimi najipenda wapi? Nikimpenda jirani hivi ninavyojifanyia mimi, si nitamuua?"

Akaosha mikono, akaingia kanisani wakati wa shuhuda, akashika kipaza sauti. "Bwana asifiwe. Kuanzia leo, mimi nimejitoa."

Jamani, kanisa lililipuka! Amina, vigelegele, makofi. Mzee Nashoni akampa mkono. Hakuna hata mmoja aliyeuliza anajitoa vipi, maana kwao Waisiko angeweza kujitoa kwa namna moja tu. Ilipofika harusi iliyofuata, mchele ukaletwa, kuni zikaletwa, mpishi hakuonekana. Ndipo wakashtuka kwamba kumbe alikuwa anaacha.

Wakamtenga. Kosa lake, kulidanganya kanisa madhabahuni.

"Mimi nilisema Kiswahili," anasema Waisiko. "Wao walisikia wanachokitaka."

Tangu hapo anakaa benchi la nyuma. Siku za meza ya Bwana, mkate unampita. Akifika hapo katika kusimulia anashindwa kujizuia, machozi yanamtoka mbele ya wateja wake.

"Kupika naweza kuacha. Kanisa siwezi. Nampenda Mungu, hilo wasinifundishe. Wamenifungia mlango wa nyumbani kwangu kwa sababu nimekataa kufa!"

Ukisikia hayo, damu inachemka. Watu wanaoimba upendo kwa spika mpya wanamhukumu mwanamke kwa kutaka kupumua.

Wiki iliyopita Mzee Nashoni alifika nyumbani kwake na wazee wawili. Waisiko aliwaamkia shikamoo, akawapa viti. Wakamwambia kanisa limemsamehe. Msamaha wa kosa gani, hakuuliza. Jumapili kutakuwa na ibada ya upatanisho, atarudishwa mezani, kisha watu watakula pamoja. Alilia kwa furaha, anakiri, akamshika mzee mikono yote miwili.

Walipofika mlangoni, Mzee Nashoni akageuka. "Sasa Mama Gati, siku hiyo wageni ni wengi. Utawasha moto saa ngapi?"

Salvatori anaposikia hayo anasukuma sahani. Anasema angekuwa yeye, asingekanyaga tena pale. Waisiko anamkatalia. Atakwenda, na kitenge kipya kiko kwa fundi.

"Nitakula mkate wa Bwana kwanza. Halafu nitakaa mbele na wageni, ninawe, nisubiri kupakuliwa," anasema, akifunga gesi. "Mzee Nashoni naye ana mikono. Nimeishika."