Batulo Hang'oki Jikoni

Hakuna harusi ya Waislamu pale Shauri Moyo iliyopita bila Batulo kushika mwiko. Mtu akiposa tu, hata hema halijatafutwa, Batulo ashaambiwa, na ashaanza kugombana kuhusu mchele.

Mwaka huu moyo ukachoka. Miguu ikavimba hadi viatu vikamkataa, na usiku akawa analala ameegemea mito, vinginevyo pumzi haiji. Kliniki wakamwambia moyo wake unashindwa na kazi. Habari ikamfikia kaka yake Twalib kabla Batulo mwenyewe hajafika nyumbani, na Twalib alikuwa anamwoza binti yake, Nuha, mwezi unaofuata.

"Dada, safari hii kaa na wageni," Twalib alimwambia. "Tumepata watu wa kupika. Wanakuja na sare."

"Sare ndiyo inakoroga mchele?"

Mkewe Twalib, Kadija, akaingilia. "Wifi, tusifichane. Mafuta ya pilau uliyokula miaka yote ndiyo yamekuziba moyo. Sasa urudi tena kwenye masufuria ukafie huko?"

Batulo aliondoka bila kunywa chai, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Siku ya kliniki hakungoja hata kukaa. "Daktari, pilau ndiyo imeniua?"

"Kwanza hujafa," alisema Daktari Roseline. "Kilichokuchosha moyo ni presha uliyoiacha miaka bila dawa. Mafuta mengi ya kula si mazuri, usinisingizie. Lakini kuna mafuta mengine ndani ya moyo wenyewe, wala si ya sufuria. Kila seli ina ngozi nyembamba ya mafuta. Hapo kuna vimeng'enya, vichukulie kama vibarua. Vinakata vipande vya yale mafuta, na kila kipande kinakuwa ujumbe: piga kwa nguvu, punguza, jikarabati. Moyo ukielemewa, baadhi ya vibarua hao hawapumziki, ujumbe unageuka kelele, na misuli inatanuka, inakuwa migumu."

"Wanyamazishwe basi!"

"Watafiti wanatafuta dawa ya kuwanyamazisha. Bado. Kwa sasa meza dawa hizi, na chumvi uiache."

Batulo alikuwa amekwama kwingine. "Hicho kipande cha mafuta, chenyewe kinabeba kitu?"

"Hakibebi. Kinasema tu, misuli inafanya."

"Na mimi nikisema tu, naweza kupika?"

Daktari akamtazama, akacheka. "Ukiwa umekaa. Usinyanyue kitu, moshi usikufikie, na ukihema unaacha."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Twalib, akavuta kiti bila kukaribishwa. "Kipande cha mafuta kisichoonekana kinaamrisha moyo mzima," alisema. "Mimi na mdomo huu nitashindwa na sufuria? Nitakaa. Vijana watabeba. Nuha ni damu yangu, na pilau yake haipikwi na sare."

Twalib akaangalia chini. Kadija hakuangalia chini. "Na chumvi si umekatazwa? Mpishi asiyeonja ni mpishi gani?"

Hapo Batulo alikamatwa. Mpishi mkuu huonja mbele ya watu kabla mchele haujaingia. Ndivyo wanavyofanya tangu mama zao. Akamgeukia Kadija.

"Utaonja wewe, wifi."

"Mimi?"

"Ulimi si unao? Juzi niliusikia."

Siku ya harusi Batulo alikaa upande ambao upepo haukuleta moshi, miguu juu ya debe. Kijana aliyekoroga kwa uvivu aliulizwa kama anabembeleza mtoto. Kitunguu kilipoanza kuungua alijua kwa pua, akapiga kelele kabla mwenye mwiko hajaona. Alipohema, alinyamaza hadi pumzi ikarudi.

Supu ikachemka. Batulo akawageukia wanawake waliokuwa wakimenya viazi. "Sikieni! Chumvi ya leo ni ya Kadija. Ikizidi, ni Kadija. Ikipungua, ni Kadija."

Kadija akaonja. Akafikiri. Akaonja tena, jasho likimtoka. Ulimi wa Batulo uliwasha kwa hamu ya kuchukua kile kijiko, hata mkono ukanyanyuka, akaushusha.

"Bado kidogo," alisema Kadija, sauti ndogo.

"Una hakika?"

"Nina hakika, wifi."

"Haya, ongezeni. Mchele!"

Watu walikula hadi wakafungua vifungo. Mama mmoja wa upande wa bwana harusi, mkazi wa Makongeni, akauliza nani amepika. Kadija alikuwa karibu, na angeweza kusema lolote. "Wifi yangu," alisema. "Yule aliyekaa."

Yule mama akamkuta Batulo na sahani yake ya wali mweupe usio na chumvi, anautafuna mbele ya wote bila kujificha.

"Nasikia unaumwa moyo," mama akaanza kwa huruma.

"Naumwa, na dawa nameza. Harusi yenu nyingine ni lini?"