Tulivyokwenda Buffalo Kumwombea Kocha Msamaha

Mtoto wa kaka yangu anaitwa Rwema, na kazi yake ni kuwafundisha vijana wanene kusukumana. Namna nyingine ya kuieleza sina. Ni ule mpira wa Wamarekani, mrefu kama parachichi, unaobebwa mikononi, na Rwema ni kocha wa wale wa mstari wa mbele, ambao mpira wenyewe hawaugusi kabisa. Wao wanazuia watu tu. Hapa Newburg, mtaa wetu mjini Louisville, Marekani, mama yake, Bamurange, akiulizwa kanisani mtoto anafanya kazi gani, alikuwa anajibu "chuo kikuu" na kunyamaza hapo.

Rwema aliuanza mpira huo shuleni, tulipotoka kambi ya wakimbizi, mpaka goti likavunjika. Mwingine angekuja ghala za Okolona kupanga makartoni kama sisi. Yeye akabaki uwanjani kubeba maji na kukunja taulo, hadi kocha wa chuo kimoja hapa mjini akaona anavyowasemesha wale vijana, akamfanya msaidizi. Kocha huyo alipoitwa chuo kingine huko Buffalo, akamchukua. Bon, tukasema mtoto amepata baba wa kazi. Tulikuwa tunamwona kwenye televisheni, kofia kichwani, anafoka pembeni ya uwanja, na mama yake anauliza nani amemuudhi.

Halafu mwezi wa kumi na moja, Ingabire, dada yake Rwema, akasoma kwenye simu kwamba kocha mkubwa wa Buffalo amefukuzwa, yeye pamoja na wasaidizi wake wote. Nilishtuka nikakalia kikapu cha nguo safi. Kwetu mtu akifukuzwa kuna kosa, na kosa lina watu wa kuliombea. Tukampigia Rwema, hakushika simu. Bamurange akasema basi amefanya kitu kibaya, anaona haya.

Tukafanya tunavyofanya siku zote. Pasta Medard wa kanisa letu akavaa suti, mimi na Bamurange tukavaa mishanana yetu ya arusi, ile ya kufunga begani, Ingabire akatuendesha siku nzima mpaka Buffalo, theluji inapiga kioo. Rwema hatukumwambia. Mwenye kosa haendi na wanaomwombea.

Mkubwa wa michezo pale chuoni alikuwa mwanamke, Patricia. Alitukaribisha akidhani ni wazazi wa mchezaji. Pasta akasimama, akaeleza polepole, Ingabire akitafsiri, kwamba Rwema ni mtoto wetu na kosa lake ni letu. Hatuombi kulijua, tunaomba amrudishe, na kama alama ya amani tunamtolea ng'ombe. Patricia akachungulia dirishani, kwenye maegesho. Pasta akamtuliza: ng'ombe yuko milimani kwetu, ng'ambo ya bahari, ni wake tangu sasa, atachungwa huko huko.

Yule mama akatumiminia kahawa. Kisha akasema, Ingabire akitafsiri:

"Rwema hakukosa kitu. Timu ilishindwa sana, nikamwondoa mkubwa wake. Mkubwa akiondoka, watu wake wote wanaondoka naye. Siwezi kumrudisha."

"Na wewe unapata usingizi?" Bamurange akamuuliza.

Hilo Ingabire alikataa kulitafsiri.

Nimekimbia vita, nimekaa kambini, nikadhani nimemaliza kushangaa. Lakini mtu afukuzwe bila kosa, na aliyemfukuza akuambie hivyo machoni, tena kwa upole, na kahawa amekupa! Nilitoka pale kahawa nimeiacha mezani.

Rwema tulimkuta kwake anafunga makartoni. Aliposikia tulikotoka, alikaa sakafuni.

"Shangazi, munanimaliza," akaniambia. "Hii kazi iko hivi. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Mama yake akataka kujua kwa nini basi hakutuambia. Akajibu kwamba tungelia kila msimu.

Kesho yake tuko kwenye chai, simu yake ikalia. Alikuwa kocha mkubwa wa chuo kimoja huko Columbus, mtu asiyemjua hata sura. Patricia alikuwa amempigia, akamwambia kuna kijana ambaye watu wake wamevuka theluji kuja kumwombea, na kwamba kijana wa nyumba ya namna hiyo hatakimbia mambo yakiharibika. Donc, basi, huyo kocha anamtaka Jumatatu. Rwema akaitikia mara mbili tatu, akakata. Hakuuliza nyumba, hakuuliza mshahara. Mimi nikamuuliza kama hiyo timu angalau inashinda. Akasema mwaka huu haijashinda bado.

"Na huyo naye wakimfukuza?" mama yake akasema.

"Nitatoka naye, mama."

Bamurange akaweka kikombe chini. Kisha akakunja mshanana wake juu ya magoti, akapiga magoti kwenye makartoni, akaanza kufunga vyombo. Sufuria kubwa akaitoa nje, akaniambia niipeleke garini, inarudi Louisville. Mtu wa kuhamahama hivi, akasema, sufuria ndogo inamtosha.