Tawi Lililonyamazisha Kaloleni

Mimi nikikwambia nimeona mtu akifanya kazi, ujue nimeona, maana si rahisi kunishangaza. Naitwa Lornah. Nauza samaki wa kukaanga hapa Kaloleni, hii yetu ya upande wa ziwa, mbele ya nyumba yetu, na mafundi wa kila aina wamepita kando ya karai langu wakijisifu. Lakini Wepukhulu! Huyo mwache tu.

Ni Mbukusu, kwao ni mbali ila anaishi hapa Obunga, na kazi yake ni kupogoa miti mikubwa. Hana bosi wala ofisi. Ana baiskeli, kamba zake, na misumeno ya mkono ambayo anainoa mwenyewe na hampi mtu. Ukimwita mkata miti anakasirika. "Mama, kukata kila mtu anaweza," aliniambia. "Mimi naupunguza mti na unabaki mzima."

Sisi tulimwita kwa sababu ya mkaratusi ulio kando ya nyumba. Upepo wa ziwa ulikuwa umepasua tawi moja nene, likainama juu ya sebule na mlango wa mbele, na kila upepo ukivuma linalia kriii. Sikuwa nalala. Mama mkwe wangu, Mama Debra, analala kwenye hiyo sebule, na miguu yake inamsumbua. Tulimbembeleza ahamie kwa jirani mpaka kazi iishe. Wapi! "Mti huu nimeuona ukikua," akasema. "Utaniulia nini?" Mama huyo ana kichwa kigumu, haki. Mwishoni alikubali kukaa jikoni, upande wa nyuma, na Wepukhulu alienda mwenyewe kupima kwa macho kama tawi haliwezi kufika huko. Ndipo akakubali kuanza.

Hakupanda mapema. Alingoja gome likauke umande, kwa sababu gome la mkaratusi likilowa linateleza vibaya sana. Akauzunguka mti polepole, anaugonga kwa mgongo wa panga, anatega sikio, anasonga, anagonga tena. Akaangalia nyaya za stima. Akatafuta nyuki. Mimi mdomo ninao, nikamuuliza mbona hapandi.

"Mti uliooza ndani unajibu tofauti," akasema. "Afadhali niusikie nikiwa chini."

Kwa vile nilimsumbua, akanifundisha. Tawi kubwa halikatwi kutoka juu kwanza. Unaanza chini yake, unakata kidogo, ndio unahamia juu, ili likiondoka lisichune gome la shina. Na ule uvimbe pale tawi linapoungana na shina usiuguse, maana mti unafunga kidonda chake kutokea hapo. Nikamuuliza kuhusu kupaka rangi pale palipokatwa. "Rangi ya nini, Mama? Mti si ukuta."

Kisha akapanda. Jamani! Kamba kiunoni, mguu hapa, mguu pale, hana haraka hata kidogo, mpaka akawa kitu kidogo huko kwenye majani. Watu wakajaa. Nilisahau kugeuza samaki.

Chini alimwacha Obiero, mwenzake mpya, aliyekuwa mvuvi ziwani huko Dunga, ashike kamba. Kila tawi lilifungwa kamba iliyopita kwenye panda ya juu, ikashuka, ikazungushwa kwenye shina. Hapo mtu mmoja anaweza kushikilia mzigo mzito na kuuteremsha kidogo kidogo.

Tawi la kwanza lilikuwa dogo, la kusafisha njia. Lilikatika, likaning'inia hewani, likazunguka vizuri sana. Jirani yetu Shantel akashindwa kujizuia. "Weee!" akapiga kelele kwa kushangaa.

Obiero akaachilia kamba.

Tawi lilitua kwenye karai langu. Mafuta, samaki wangu wa ngege, makaa, vyote vumbini. Nikamrukia: "Obiero, umelala?"

"Si mmesema niachilie?"

"Nani amesema?"

"Huyo Shantel! Amesema 'we'!"

Basi. Kwa Kijaluo, "we" ni acha, na huko kwenye mashua alikojifunzia kazi, ukiambiwa hivyo mkono unafunguka kabla kichwa hakijafikiri. Shantel ni wa Kakamega, si Mjaluo, angejuaje? Tulicheka mpaka tukashika mbavu, hata mimi na hasara yangu.

Wepukhulu hakucheka. "Watu wote wanyamaze," akasema kutoka juu. "Anayetaka kushangaa, ashangae kwa macho. Kuanzia sasa hapa kuna sauti moja, yangu."

Tukanyamaza. Hata watoto. Akaanza lile tawi kubwa, akakata chini, akahamia juu, na tulisikia msumeno tu. Likaachana na mti kwa mlio ulionitikisa kifua. Likaning'inia juu ya paa letu, zito, likishuka taratibu kuelekea mbele ya nyumba.

Ndipo mlango wa mbele ukafunguliwa. Mama Debra akatokea na fimbo yake, akasimama pale pale chini ya tawi.

Nilijaza leso mdomoni. Ningemwita vipi? Neno lolote lingefika kwanza kwa Obiero. Wepukhulu akasema kwa upole, kama anazungumza na mtu aliyekaa naye: "Shikilia, Obiero. Shikilia, ndugu yangu." Obiero akalala nyuma, kamba ikimla viganja, macho ameyafumba. Na lile tawi likasimama hewani.

Nikaenda. Majani yaligusa kichwa changu, nikasikia harufu yake kali. Nikamshika mama mkono. Hakuniangalia, alikuwa anatazama juu. Tukatoka pamoja hatua kwa hatua, kisha Wepukhulu akasema, "Teremsha," na tawi likalala mlangoni bila kuvunja hata kigae.

Hasira ikanipanda. "Mama! Tumekuomba utoke ukakataa. Sasa unatoka kifo kikiwa mlangoni?"

"Ni nyinyi mlionyamaza," akanijibu. "Nilikuwa nasikia kelele, nasikia kicheko, ghafla kimya. Nikajua mtoto wa watu ameanguka. Na hakuna mtu anamlilia! Kwao ni mbali, mama yake hayuko hapa. Nikasema nitoke, nimlilie mimi."

Wepukhulu alikuwa amesikia huko juu. Akashuka, akaja akasimama mbele yake.

"Mama, niko mzima," akamwambia.

Mama Debra akaangusha fimbo. Akampapasa mabega, akampapasa kichwa, akavigeuza viganja vya Wepukhulu akaviangalia. Halafu akalia kwa sauti, na safari hii hakuna mtu aliyemwambia anyamaze.