Baiskeli ya Wajukuu

Juzi posta ya Moshi, mbele yangu kulikuwa na bwana mrefu kama mgomba, pamoja na mama yake. Marehemu mzee wao alikuwa amewaachia wajukuu fedha katika wosia, na bibi ndiye mtunzaji.

"Mama, toa tununue baiskeli. Watoto waende shule."

"Mkubwa wao ana miaka mingapi?"

"Mitano."

Bibi akakibana kitabu cha akiba kwapani. "Haya, mwanangu. Lakini tununue ya kimo chake, maana fedha ni zake."

Bwana akaitazama miguu yake mwenyewe, akasema baiskeli ingoje kwanza.

Niliacha shule mapema na bado nawashinda mliobaki, basi jifunzeni: fedha za watoto zikinunua baiskeli, pimeni kwanza kiti kimefika kiuno cha nani.