Afisa wa Viza Aliyekaa Kitandani kwa Mama

Mkiniona nimekaa na watu, halafu mtu akataja Butiama, mara mimi nimeinama natafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakimo, basi mjue ni aibu ile inanipanda, na leo naisimulia mwenyewe kwa sababu ninyi mnaisimulia vibaya, mnaongeza chumvi, eti mume wangu alikutwa hana viatu. Alikuwa navyo. Tena vya ngozi, vyenye tope, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi mama yangu.

Mimi nakaa Kabasa, pale Bunda, nashona nguo, na mume wangu Mafuru anafundishaga sekondari. Dada yangu Nyasatu yuko Marekani. Aliondoka kwenda kusomea unesi akiwa msichana mwembamba hata gauni lake la safari nililipunguza mimi, akaolewa huko, akazaa huko, akawa raia wa huko, halafu akawaombea Baba na Mama waende wakaishi naye. Ikachukua miaka (karatasi zinaenda, karatasi zinarudi, picha ya Baba ikakataliwa kwa sababu alicheka), mpaka mwishowe wakaitwa kwenye intavyuu, Nairobi. Nyasatu akanipigia simu analia. "Nyanjura, wakikosea kujibu hapo tunaanza upya, na magoti ya Baba hayasubiri. Wafundishe, mdogo wangu." Nikasema niachie mimi. Ndivyo nilivyo, nikipewa jambo naliparamia kabla sijauliza lina pembe ngapi.

Nikaenda Butiama, nyumbani, siyo mbali na Mwitongo penye kaburi la Baba wa Taifa, nikawakalisha wazee wangu sebuleni, nikawaambia wajibu haraka bila kusita, nikaanza. "Mama, wewe na Baba mlikutana wapi?" Mama akaniangalia kama nimemvua nguo sokoni.

"Nikuambie wewe ili iweje?"

"Ndiyo wanayouliza, Mama."

"Basi waulize wao. Mtoto wa kuzaa mwenyewe ananiuliza habari za baba yake!"

Baba naye akasema nimwandikie tu kwamba walikutana, inatosha. Nikamuuliza Mama jina la mume wake, akasema Baba Nyasatu. Nikamwambia Mama, huko wanataka jina lenyewe, akasema, "Si unalijua? Watajie wewe." Nikashinda hapo mpaka jua likageuka, sijapata hata jibu moja la kumridhisha Mmarekani.

Nikirudi Bunda nikawaza, tatizo ni kwamba mimi ni mtoto wao. Anatakiwa mtu baki, mwenye sauti ya serikali. Kwenye video za mtandaoni nilikuwa nimeona afisa anakaaga nyuma ya kioo na sauti yake inatokea kwenye kispika, nikasema ahaa, kioo hatuna, lakini pazia tunalo. Na sauti ya serikali ninayo ndani ya nyumba, naisikiaga kila asubuhi ikiuliza chai iko wapi.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwa asiyejua, kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mikono, hawali pamoja, wakikutana njiani mama anajifunika khanga anapita pembeni kwenye majani. Miaka yote ya ndoa yetu Mafuru alikuwa amemuona mama yangu mgongo tu, na mgongo huo anaupenda kweli, akipata mshahara jambo la kwanza ni sukari ya Mama.

"Nyanjura," akaniambia, "yule ni mama mkwe wangu."

"Kuna pazia. Humuoni, hakuoni."

"Na sauti je?"

"Sauti yako ataijulia wapi? Mmeongea lini ninyi?"

Akakuna kichwa. Mume wangu (Mungu amtunze) hajuagi kukataa mara mbili.

Jumamosi tukafika Butiama mapema, Mafuru ndani ya suti ya harusi yetu ambayo haifungi tena tumboni. Baba alikuwa ameenda kuangalia ng'ombe, Mama yuko kwenye sala ya jumuiya kwa jirani. Nikaangalia pale sebuleni, nikaona pazia tayari linaning'inia, zuri, la maua mekundu, limefuliwa, nikamsukuma Mafuru nyuma yake nikamwambia kaa humo, usikohoe. Pazia la mlango gani? Wa chumbani kwa wazazi wangu. Haya, shangaeni. Mkwe haingii chumba cha mama mkwe hata nyumba ikiwaka moto, mtoto mdogo wa kwetu anajua hilo, na mimi mtu mzima nilimwingiza mwenyewe kwa mikono yangu, kwa sababu kichwa chote kilikuwa viza, viza, viza. Na humo ndani hapakuwa na kiti. Sasa mnafikiri alikaa wapi?

Mama akarudi, na nyuma yake jumuiya nzima, maana nilipompigia simu kwamba kuna afisa atakuja, aliwatangazia wote kwamba leo anafanyiwa mazoezi. Nikawaambia afisa ni mtu wa mbali, ameshaingia, asisumbuliwe. Akina mama wakajaza mikeka, wengine wakasimama dirishani, mmoja alikuja na kiti chake. Baba akavaa koti.

Alianza Baba. Sauti ikatoka nyuma ya pazia, nzito kuliko yake ya kila siku, Baba hakuitambua, mpaka mimi mwenyewe nikaiogopa: "Mzee, una watoto wangapi?"

"Wa kwangu au wa ukoo?"

"Wa kwako."

"Kwetu hatutenganishi," Baba akasema, akaanza kuwataja wa kaka zake pia, na afisa akamwacha tu ataje, atafanyaje na ni baba mkwe wake? Nikaona hili somo linapotea, nikasema inatosha, zamu ya Mama.

Jamani, Mama! Yule aliyenikatalia mimi akakaa mbele ya pazia kama yuko kwenye kitubio. Akaulizwa alikutana wapi na mume wake, akasema Murangi, ziwani, kwao. Akasema alikuwa akianika dagaa na mama yake, na kila wiki anakuja kijana wa Butiama na baiskeli kununua sato, hapunguziwi bei wala haombi, analipa, anasimama, anaangalia maji, anaondoka. "Baadaye nikaja kujua kwao samaki walikuwa hawali," Mama akasema. "Alikuwa anawagawa njiani wote. Anafika kwao na harufu tu." Akina mama wakapiga vigelegele, Baba akatoka nje akisema anaangalia mvua, na mvua haikuwepo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na machozi yananilenga, kwa sababu nimezaliwa humo, nimekulia humo, na sikuwahi kuisikia. Hata afisa akasahau swali linalofuata. Nikalazimika kukohoa ndipo akakumbuka kazi yake.

"Mkiondoka, nani ataangalia nyumba hii?"

"Binti yangu wa Bunda na mume wake."

"Huyo mume ni mtu wa kuaminika?" (Hilo swali halikuwemo. Alijitungia!)

"Mtu mzuri sana," Mama akasema. "Mpole. Lakini, baba, anakula! Akija hapa mimi namwambia kuku kabisa, kimbia mwanangu, mkwe amefika."

Watu wakalala chini kwa kicheko. Mimi jasho. Na ingeishia hapo tungepona, tungempitisha Mafuru mlango wa nyuma, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Ila sikumpigia hesabu mama yangu. Mama hawezi kumwacha mgeni na njaa. Wakati mimi nawatoa watu uani nikitangaza mazoezi yamekwisha, yeye ameingia jikoni, amepakua ugali, ameweka sato mzima juu, na namgeukia hivi naona anaenda kwenye pazia, anasema kwa upole, "Baba, umetuuliza tangu asubuhi hujanywa hata maji."

Nikasema, "Mama, hapana!"

Akafunua.

Mafuru yuko kitandani. Amekaa juu ya shuka nyeupe ya Mama ile aliyotandika kwa ajili ya wageni, viatu miguuni na tope lake, simu mkononi yenye maswali. Kwa mara ya kwanza tangu anioe akaangaliana na mama yangu uso kwa uso. Na akili za mwanaume zilivyo, akasimama akasema, "Shikamoo, Mama."

Sahani ikaanguka. Mama akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, akajifunika khanga kichwa kizima akakimbia bila kuona njia, akapita katikati ya jumuiya, akaangusha kiti cha yule aliyekuja na kiti. Mafuru naye akatokea mlango wa nyuma. Sasa wale akina mama uani wameona nini? Wameona mwenzao anapiga kelele kutoka chumbani, na mwanaume wa suti anaruka mahindi. Wakafanya ambacho na mimi ningefanya. "Mwiziii!" Kijiji kikaamka. Mume wangu alikimbizwa mpaka karibu na barabara, na waliomkamata ni vijana wawili aliowahi kuwafundisha, ambao walimtambua wakamwamkia kwanza, kisha wakamshika.

Kucheka nacheka leo. Siku ile sikucheka, maana Mama alilala kwa Shangazi Wakuru, dada yake Baba, akatuma neno moja tu: chumbani kwake haingii tena, na Nairobi haendi. Mwanamke aliyekaliwa kitanda na mkwe wake, asafiri avuke mipaka kama hakuna kilichotokea? Pasipoti zilikuwa chini ya kile kitanda na hataki zitolewe. Intavyuu ni Alhamisi. Nyasatu anapiga simu, nampa habari za hali ya hewa. Baba hakunigombeza, alikaa tu anasugua magoti yake, na heri angenigombeza.

Shangazi akaja kesho yake kunikata vipande. "Shule imekufundisha kuuliza maswali," akasema, "haikukufundisha mlango upi hauingiliki?" Akapanga mambo kama yanavyopangwa: Mafuru alete mbuzi, shuka mpya na khanga, mimi nitoe kila kitu chumbani, nisafishe mpaka kuta, na mkwe asimame nje ya uzio aombe radhi, maneno yabebwe na Shangazi. Basi Jumatatu ile Mafuru akasimama nje na suti iliyochanika bega, mbuzi anavuta kamba, Mama yuko ndani kwa Shangazi amejifunika, na Shangazi anaenda na kurudi.

"Anasema hakuona kitu."

"Mwambie aliona kitanda."

Shangazi akaenda, akarudi. "Anasema kitanda ni kizuri."

Halafu khanga ikaanza kutetemeka, nikadhani analia, kumbe Mama anacheka, anacheka mpaka anashika mbavu, na Shangazi akakaa chini naye akacheka, na mimi ndiye niliyelia. Jioni akarudi nyumbani kwake, akanipa pasipoti mwenyewe.

Alhamisi tulikuwa Nairobi. Mimi sikuruhusiwa kuingia, nikasubiri ng'ambo ya barabara na mkoba wao, moyo unagonga kama cherehani. Walipotoka, Baba alikuwa anacheka kama kwenye ile picha iliyokataliwa, nikajua wamepita. Nikaruka ruka pale barabarani, Wakenya wakanishangaa, shauri yao.

Kwenye basi la kurudi, tukiwa tumeshapita mpaka wa Sirari, Baba amesinzia, Mama ananimenyea karanga, nikamuuliza ilikuwaje. Akasema maswali yalikuwa mepesi, yule mama wa dirishani alikuwa na Kiswahili chake kidogo cha heshima. "Jambo moja tu ndilo alilonibana. Akaniuliza, mama, una binti mwingine Tanzania. Huyo unamwachaje?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamjibu haraka, kama ulivyonifundisha. Nikamwambia, huyo nimemkanda kila akizaa, watoto wake nimewabeba mgongoni mpaka wakashuka wenyewe, Jumapili zote anakulaga ugali wangu. Huyo ametosheka na mimi. Yule wa huko kwenu amezaa mara tatu, nani alimkanda?"

Akaniwekea karanga mkononi. Nikasema, umejibu vizuri, Mama. Akafurahi kweli.

Waliondoka msimu wa pamba. Nyasatu hunitumia picha, Mama amevaa koti kubwa linamfika miguuni, Baba amefanyiwa magoti anatembea bila fimbo, na nafurahi, Mungu anaona nafurahi. Jumapili naendaga Butiama kufagia na kufungua madirisha. Mwanzoni nilikuwa nasonga ugali pale jikoni kwake. Niliacha, haukuwa na ladha.

Watu wa Bunda wenye ndugu nje wananifuata sana siku hizi, Nyanjura, wazazi wako walipita, tufundishie na wa kwetu. Nawakatalia. Wanadhani ni kwa ajili ya Mafuru na mbio zile, na mimi nawaacha wadhani hivyo. Lakini ninyi nawaambia. Nilimfundisha mama yangu kujibu bila kusita, akaenda akajibu bila kusita kwamba nimetosheka naye. Sijatosheka, jamani. Na sitamfundisha tena mzazi wa mtu yeyote namna ya kuondoka.